Debussy na Ravel kwa Sikio la Kangemi

Mwaka 1899 reli kutoka Mombasa ilifika kwenye kinamasi ambacho leo ni katikati ya Nairobi. Mwaka huohuo mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya St Austin's upande wa magharibi, katika ardhi inayoitwa sasa Lavington, na kahawa waliyoipanda pale ni miongoni mwa kahawa za mwanzo kabisa nchini. Huko Paris, Desemba haijaisha, Claude Debussy alikuwa amekamilisha Nocturnes, vipande vitatu vya okestra ambavyo cha mwisho kina kwaya ya wanawake wanaoimba bila neno hata moja. Kijana wa miaka 24, Maurice Ravel, naye aliandika Pavane pour une infante défunte kwa piano. Mapadre walileta miche ya kahawa na nyimbo za Kanisa. Muziki ule mwingine wa kwao uliingia Nairobi baadaye, kwa mlango tofauti.

Kwa watu wa rika la mwandishi wa makala haya, mlango huo ulikuwa mtihani. Bodi ya mitihani ya muziki ya London, Associated Board, iliyoanzishwa mwaka 1889, ndiyo iliyokuwa ikipanga nani yuko gredi ya tatu na nani amefika ya nane, kuanzia Nairobi hadi Hong Kong. Waliotaka kujiandaa sawasawa walikwenda Kenya Conservatoire of Music, chuo kilichoanza mwaka 1944 kwa jina la East African Conservatoire, jirani na Kenya National Theatre, ng'ambo ya hoteli ya Norfolk. Mwandishi alikuwa akishuka na matatu za Waiyaki Way kutoka Kangemi, vitabu vya piano vimefungwa kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua. Nyumbani hakukuwa na piano. Kulikuwa na kinanda cha umeme cha kanisani, na ruhusa ya kukipiga Jumamosi kabla kwaya haijaingia.

Kwaya ndiyo iliyomfundisha muziki. Mwalimu wa kwaya alibandika karatasi za manila ukutani, zikiwa na herufi za solfa mistari minne: soprano, alto, tena, besi. Watu waliorudi kutoka kazini, wengine mafundi, wengine mama mboga wa soko la Kangemi, walisoma herufi zile bila kusita, na wangekuambia mara moja kwamba alto wamekosea mi wakaimba fa. Hawakuwahi kuona mistari mitano ya noti za Kizungu, wala hawakuihitaji. Ujuzi huu wa solfa umeenea Kenya kuliko watu wanavyodhani, katika makanisa, shuleni, na kwenye tamasha la muziki la kitaifa, ambalo historia yake inaanzia mwaka 1927. Mwandishi anausifu waziwazi, kwa kuwa ndio uliomfungulia Debussy.

Kipande cha kwanza alichopewa kilikuwa La fille aux cheveux de lin, kutoka kitabu cha kwanza cha Préludes cha mwaka 1910. Maelezo aliyoyapata pamoja nacho yalikuwa yale ambayo kila mwanafunzi huyapata: fikiria ukungu, fikiria mwanga juu ya maji, cheza kana kwamba hugusi. Vidole havijui la kufanya na ukungu. Kilichosaidia ni kuchukua penseli na kuandika solfa juu ya noti. Mwanzo wa kipande hicho una noti nne tu zinazorudiarudia: so, mi, do na la, zote zikiangukia funguo nyeusi za piano, mkono mmoja, bila kitu chini yake. Mtoto yeyote wa kwaya angeweza kuziimba. Hapakuwa na fumbo pale. Palikuwa na sauti nne zilizochaguliwa kwa makini sana.

Hapo ndipo inapofaa kuanza kumwelewa Debussy. Katika muziki wa Ulaya wa karne mbili zilizomtangulia, ti ni hodi na do ni karibu. Noti ya saba hubisha, noti ya nane hufungua mlango, na msikilizaji hujua amefika. Nyimbo za misa, waltzi za Vienna, simfoni za Beethoven, hata wimbo wa taifa ukipigwa na bendi, vyote husukumwa na hodi hiyo. Debussy alitafuta njia za kukaa ndani ya muziki bila kubisha. Njia moja ni skeli ya noti tano, do re mi so la, isiyo na fa wala ti. Nyingine ni skeli ya hatua nzima: do, re, mi, fe, se, ta. Waimbaji wa Kangemi wangeijaribu hii ya pili wangepotea kabla ya kufika ta, kwa sababu hatua zote zina upana mmoja na hakuna pa kushika. Katika Voiles, ndani ya kitabu kilekile cha 1910, Debussy anatumia skeli ya hatua nzima karibu mwanzo hadi mwisho, isipokuwa katikati, ambapo ghafla anahamia funguo nyeusi na skeli ya noti tano, kisha anarudi. Kipande kizima hakina hodi.

Mtu hafiki hapo kwa siku moja. Debussy alizaliwa mwaka 1862 Saint-Germain-en-Laye, wazazi wake wakiuza vyombo vya kaure, na aliingia chuo cha muziki cha Paris akiwa na miaka kumi. Wakati wa likizo, kuanzia 1880, aliajiriwa na Nadezhda von Meck, tajiri wa Urusi aliyekuwa mfadhili wa Tchaikovsky, akasafiri na familia yake na kupiga piano nyumbani kwao. Mwaka 1884 alishinda Prix de Rome, tuzo kubwa ya vijana watunzi wa Ufaransa, ambayo ilimpeleka mshindi kuishi Roma kwa gharama ya serikali. Roma haikumpendeza. Kazi alizotakiwa kutuma Paris ziliwatia wakubwa wasiwasi, na mwaka 1887 ripoti yao juu ya kipande chake Printemps ilimwonya ajihadhari na uimpresioni usioeleweka. Jina lilikuwa limetoka kwa wachoraji, kwenye maonyesho ya mwaka 1874 ambako mwandishi wa gazeti aliikejeli picha ya Claude Monet ya jua likichomoza. Kwa hiyo lilimfikia Debussy kama lawama, na hadi mwaka 1908 alikuwa bado akimwandikia mchapishaji wake kwa hasira dhidi ya wanaolitumia.

Asili ya mtindo wenyewe iko mahali pengine. Mwaka 1889 Paris iliadhimisha miaka 100 ya mapinduzi kwa maonyesho makubwa ya dunia, yaleyale yaliyojengewa mnara wa Eiffel. Kwenye uwanja wa Invalides palijengwa kijiji cha Java, na humo wapigaji wa gamelan, yaani kundi la gongo na vibao vya shaba, walipiga siku baada ya siku. Debussy alikuwa na miaka 27. Alirudi kuwasikiliza tena na tena, na zaidi ya miaka ishirini baadaye, katika makala ya mwaka 1913, bado alisisitiza kwamba ufundi wa sauti za Wajava ulikuwa wa juu kiasi cha kuufanya ule wa Palestrina, bwana wa kwaya za Roma, uonekane mchezo wa watoto. Maonyesho hayohayo yalikuwa na kijiji kingine, ambamo mamia ya Waafrika waliwekwa watazamwe na wapita njia. Msomaji wa Afrika Mashariki anastahili kuyajua yote mawili kwa pamoja. Mlango uliomfungua masikio Debussy ulijengwa na ukoloni, na Wajava wale walisafirishwa kuja kuwa burudani. Lakini alichofanya Debussy ni jambo ambalo wageni wengi pale hawakulifanya: alisikiliza kama mwanafunzi.

Mwandishi alielewa kile alichokisikia Debussy vizuri zaidi Kampala kuliko angeweza kukielewa Paris. Amadinda ya Waganda ina vibao 12 vya mbao juu ya migomba, na wapigaji watatu. Wawili hukaa wakitazamana. Mmoja hupiga safu yake, mwingine huingiza noti zake katika nafasi kati ya noti za mwenzake, wa tatu akishughulikia vibao viwili vidogo vya mwisho. Sauti anayoisikia msikilizaji haipigwi na yeyote kati yao. Inazaliwa katikati. Na vibao hivyo vimegawa sauti katika hatua tano zinazokaribia kulingana, jambo linalofanana mno na mojawapo ya mitindo ya kurekebisha sauti za gamelan. Kufanana huko kulimfanya A. M. Jones, padri Mwingereza aliyefanya kazi Zambia ya leo, aandike kitabu kizima mwaka 1964 akidai kwamba marimba za Afrika zilitoka Indonesia. Wataalamu wengi walimpinga, na mwandishi yuko upande wao: watu wawili wanaweza kufika mahali pamoja bila mmoja kumfuata mwenzake. Hata hivyo lugha ya Madagaska kweli ilivuka bahari kutoka Borneo, na bahari hiyo ni hii yetu.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Nairobi anayepewa Pagodes, kipande cha kwanza cha Estampes cha mwaka 1903, asianze kwa kufikiria mahekalu ya Asia ambayo hajayaona. Asikilize amadinda kwanza. Asikie jinsi mdundo mmoja mzito wa chini unavyopita polepole huku sauti za juu zikienda mbio, na jinsi kila safu inavyojitegemea. Kisha apige. Mkono wa kushoto unakuwa gongo, mkono wa kulia vibao, na pedali inaachwa iunganishe sauti kwa sababu shaba ikigongwa haikatiki ghafla.

Ravel aliyasikia maonyesho hayohayo ya mwaka 1889 akiwa na miaka 14. Hapa ndipo ulinganisho unapokolea, kwani watu huwataja pamoja kama ndugu, na wao wenyewe walichoshwa na hilo. Ravel alizaliwa mwaka 1875 Ciboure, karibu na mpaka wa Hispania, mama yake Mbasque na baba yake mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyependa mashine. Alisoma kwa Gabriel Fauré. Prix de Rome aliyoishinda Debussy ilimkataa Ravel mara tano, na alipokataliwa mara ya mwisho mwaka 1905, akiwa tayari mtunzi anayejulikana, magazeti yaliwaka moto na Fauré akawa mkuu wa chuo. Jeux d'eau, kipande chake cha maji cha mwaka 1901, kilitangulia vipande vikubwa vya maji vya Debussy kwenye piano, na Ravel alimwandikia mkosoaji Pierre Lalo mwaka 1906 kulisema hilo bila kuzungusha. Mwalimu wake wa kweli pale alikuwa Franz Liszt, aliyekuwa ameandika juu ya chemchemi za Villa d'Este miongo miwili na zaidi kabla. Kuna pia kisa cha Habanera. Ravel aliiandika mwaka 1895 kwa piano mbili na kumwazima Debussy karatasi zake. Mwaka 1903 Debussy akatoa La soirée dans Grenade, na Ravel aliona kinachofanana mno na chake. Urafiki wao haukuwahi kuwa wa karibu, na baada ya hapo ulipoa zaidi.

Tofauti yao inasikika haraka ukiweka pamoja vipande viwili vilivyotoka kwenye chimbuko moja. Pagodes ya Debussy ni ya 1903. Laideronnette, impératrice des pagodes ya Ravel ni ya 1910, sehemu ya Ma mère l'Oye, iliyoandikwa kwa mikono minne kwa ajili ya Mimi na Jean Godebski, watoto wa rafiki zake. Hadharani ilipigwa kwanza na wasichana wawili wadogo. Mwandishi hufundisha kipande hicho Lavington kwa ndugu wawili. Mdogo, aliyekaa juu, hukaa karibu muda wote kwenye funguo nyeusi, na hiyo tu humfurahisha. Lakini sikiliza Ravel anavyofanya: mdundo umenyooka, kila sehemu ina mwisho unaoonekana, na wanaopiga wanajua muda wote wako umbali gani kutoka nyumbani. Ravel hubisha hodi. Huipamba, huichelewesha, huisemea pembeni, lakini huibisha. Yeye mwenyewe aliieleza Jeux d'eau kuwa ina mada mbili kama sehemu ya kwanza ya sonata. Debussy katika Pagodes hukaa barazani, na kipande kinapokwisha sauti inaachwa ififie yenyewe.

Jambo hili lina matokeo kwenye vidole. Mwanafunzi wa Kileleshwa aliyempiga Debussy vizuri alipelekwa kwa Ravel na akashangaa kwamba uhuru uleule haukubaliki. Ravel ni mkali na wapigaji: mwendo asioandika ubadilike haubadiliki. Kinyume chake, mwanafunzi mwingine aliyezoea Bach alimshika Ravel upesi, akaja kukwama kwa Debussy kwa kuwa alikuwa akisubiri ti imwambie pa kupumulia. Wote wawili walisaidiwa na zoezi lilelile, kuimba kwa solfa sauti ya juu huku wakishikilia noti ya besi, hadi walipoweza kusema kwa maneno yao ni wapi hodi ipo na ni wapi haipo. Kwa mwandishi, huo ndio ulinganisho wa Debussy na Ravel wenye manufaa kuliko mwingine wowote, na unaweza kufanyika bila picha ya Monet ukutani.

Mtu akitaka kusikia maji kwenye nyuzi, ana Ayub Ogada. Alizaliwa Mombasa, akapitia African Heritage Band hapa Nairobi, na nyatiti yake ya nyuzi nane ilizunguka dunia baada ya albamu ya En Mana Kuoyo ya mwaka 1993. Kothbiro ni wimbo wa mvua inayokuja. Nyuzi hazielezi mvua. Zinarudia mchoro mdogo kwa uthabiti hadi msikilizaji aione mwenyewe. Jardins sous la pluie ya Debussy, mvua ya mwaka 1903, inafanya jambo hilohilo kwa noti ndogo za mbio, na ndani yake Debussy amezificha nyimbo mbili za watoto wa Kifaransa, mmoja ukiwa wa kubembelezea usingizi. Wakenya tuna sababu ya kuliheshimu hilo, maana wimbo wetu wa taifa wa mwaka 1963 ulijengwa juu ya bembelezi ya Wapokomo.

Kuna kipande ambacho mwalimu wa Nairobi hawezi kukipita kimya. Children's Corner, kitabu alichomwandikia Debussy binti yake Chouchou mwaka 1908, kinamalizikia na Golliwogg's Cakewalk. Golliwogg alikuwa mwanasesere wa kitabu cha watoto cha mwaka 1895, uso mweusi na midomo iliyotiwa chumvi, dhihaka kwa watu weusi iliyouzwa madukani kama kitu cha kuchezea. Cakewalk nayo ilianza kwa Waafrika waliokuwa watumwa Marekani, wakiigiza kwa ustadi madaha ya mabwana zao. Mdundo wake ni mtamu, na wanafunzi huupenda kabla ya kujua jina. Mwandishi hukifundisha, na hueleza yote mawili kabla mtoto hajagusa noti: dhihaka ilikuwa ya mchapishaji na duka, mdundo ulikuwa wa babu zetu waliovushwa bahari. Wazazi wachache wameomba kipande kingine. Ombi hilo ni la haki na hutimizwa.

Ravel alifika karibu zaidi na pwani yetu. Chansons madécasses, nyimbo tatu za sauti, filimbi, selo na piano za miaka ya 1925 na 1926, zimetungwa juu ya maandishi ya Évariste Parny, mzaliwa wa kisiwa cha Réunion aliyeyachapisha mwaka 1787 kama nyimbo za Madagaska, ingawa Madagaska yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Maneno basi si ya Wamalagasi. Lakini wimbo wa pili, Aoua, unawaonya watu wa pwani wasiwaamini wazungu, wale waliokuja na ahadi kisha wakajenga ngome. Mtu wa Mombasa akiusikia atafikiria Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Ulipoimbwa Paris mwaka 1925 Ufaransa ilikuwa vitani Moroko, na msikilizaji mmoja, mtunzi Léon Moreau, alisimama na kupinga hadharani. Ravel hakuuondoa. Mtu huyu aliyejulikana kwa unadhifu wake, aliyekataa nishani ya Légion d'honneur mwaka 1920, hapa anagongesha sauti za piano zisizopatana, na ule mlango wa do anaouheshimu siku zote anauacha wazi, pepo zikipita.

Wimbo huo unahitaji watu wanne tu. Nairobi ina waimbaji wa kiwango hicho, ina wapiga filimbi na selo waliokulia katika okestra za vijana, na ina kumbi za kuutosha, kuanzia Alliance Française pale Loita Street hadi jukwaa la Braeburn kwenye Gitanga Road. Programu ambayo mwandishi angependa kuiona ingeanza na amadinda, ifuate Pagodes, kisha Laideronnette kwa mikono minne, mwanamuziki wa nyatiti aingie kabla ya mapumziko, na baada ya mapumziko ziimbwe nyimbo tatu za Madagaska, maneno yake yakiwa yamechapishwa kwa Kiswahili kwenye karatasi ya mkononi. Wanafunzi wa Lavington na wanakwaya wa Kangemi wakae safu moja. Wanakwaya ndio watakaotambua kwanza mahali ambapo Debussy aliiacha ti.